Neno la Thelathini na Tisa

Kazi yangu ni kusaka makosa.
Miaka ishirini na miwili, zamu ya usiku,
kiwanda cha gazeti mjini Oristano,
kalamu nyekundu, miwani, kahawa iliyopoa.
Nimeokoa majina ya marehemu yasizikwe vibaya,
nimeng'oa sifuri iliyotaka kumtajirisha meya.
Bachisio hucheka: hata orodha ya vyakula vya harusi yetu
niliisahihisha kabla sijala.

Basi daktari Loddo aliponionyesha karatasi,
herufi nne tu zikijirudia safu kwa safu,
A, T, G, C, bila koma, bila aya,
mkono ulikwenda mfukoni wenyewe.

Akaanza polepole, kama anayemega mkate:
kila seli imekunjiwa uzi wa DNA,
ukiunyoosha unafika mita mbili,
mrefu kuliko mume wangu na kofia yake;
nyuzi mbili zilizosokotana,
A hushikana na T, G na C,
hazibadilishani wachumba.
Herufi bilioni tatu kutoka kwa mama,
bilioni tatu kutoka kwa baba.
Mswada mzima ndio jenomu.
Ndani yake, kama vijiji katika nyika,
zimo jeni: sentensi zenye kazi,
husomwa herufi tatu tatu,
kila tatu neno, kila neno tofali la protini.

"Na hii," akasema, "ni sentensi ya damu."
Kromosomu ya kumi na moja.
Ndiyo ielezayo namna ya kufuma himoglobini,
ile ibebayo pumzi kutoka mapafuni hadi ukuchani.
Nikahesabu kwa ncha ya kalamu.
Neno la thelathini na tisa:
palipopaswa kuwa C, pameketi T.
CAG imekuwa TAG.
Na TAG, katika lugha ya seli, ni nukta.
Simama. Fungeni karakana.
Sentensi ya maneno mia moja arobaini na sita
imekatwa ulimi.

Herufi moja.
Nimewahi kupitisha makosa makubwa kuliko hilo
na kesho yake yakafungiwa samaki.

Mimi nina nakala moja yenye kosa, moja safi.
Bachisio vivyo hivyo.
Ile safi hutusomea; hatukuwahi kujua,
tuliitana wavivu tu tulipopanda ngazi.
Lakini Mallena alipotungwa
kila mmoja wetu alimpa karatasi moja,
kama kuchota karata gizani,
na zote mbili zilikuwa zile.
Moja kwa nne, alisema daktari.
Moja kwa nne ana macho ya kijivu na pengo la jino.
Kila wiki ya tatu tunapanda treni ya alfajiri kwenda Cagliari,
damu ya mtu nisiyemjua inamwingia tone kwa tone
huku akinisahihisha ninavyotamka majina ya dinosaria.

Nilitaka kumjua mchapaji wa kwanza aliyekosea.
Nimkunje shati.
Mama mkwe akaleta picha: babu yake, Antioco,
mkulima wa kando ya vinamasi, masharubu, jembe.
Malaria ilizika ndugu zake watatu kwa mwaka mmoja.
Yeye alitetemeka wiki, akainuka, akadai supu.
Daktari anasema pengine, hakuapa:
damu yenye kosa moja ni shamba baya kwa vijidudu vya homa.
Wenye sentensi safi walikufa wakiwa safi.
Wenye doa wakabaki, wakaoa, wakanakili.
Sasa vinamasi vimekaushwa, homa imekwenda,
kosa limesimama mlangoni kama mlinzi
ambaye hakuna aliyemwambia vita vimekwisha.

Sijalisamehe.
Kalamu tu nimeirudisha mfukoni.

Jana, njiani kurudi, mashavu yamepata wekundu,
Mallena aliuliza: "Kwa hiyo wewe na baba,
mnaogombana hata juu ya chumvi ya tambi,
mlinipa herufi ile ile?"
Ile ile.
"Kumbe mliwahi kukubaliana."

Bachisio alitazama dirishani mpaka Marrubiu.
Mimi nilitafuta kosa katika sentensi yake.
Sikuliona.